Kikao cha Kumshonea Bibie

Kikao kilifanyika Magomeni, Dar es Salaam, juu ya meza ya chakula, saa sita usiku. Bibie alikuwa amekwenda kulala na kuacha taa inawaka. Hilo atajibizana mwenyewe na LUKU. Wajumbe walikuwa Cherehani, mwenyekiti kwa umri; Futi; Mkasi; Kitenge cha yadi sita, chenye ndege wekundu; Marekani, shuka kuukuu iliyobaki nusu; Wembe, ambaye hakualikwa; na Pateni, mgeni, karatasi iliyoletwa na wifi yake Bibie kutoka Uingereza, ndani ya bahasha yenye picha ya mwanamke mrefu asiye na tumbo.

PATENI: Hamjambo wote. Muda wetu ni mfupi, tuingie moja kwa moja kwenye malengo.

FUTI: Mgeni, humu ndani yumo mtu mzima. Shikamoo, bibi.

CHEREHANI: Marahaba, mwanangu. Mwache tu, wageni wa siku hizi hawabebi salamu, wanabeba ajenda. Haya baba, watokea wapi?

PATENI: Ukoo wetu unaanzia kwa Ebenezer Butterick, fundi wa Sterling, Massachusetts. Mwaka 1863 alianza kuuza karatasi za kukatia nguo zilizopangwa kwa saizi. Kabla ya hapo magazeti ya akina mama yalichapa mchoro wa saizi moja, halafu kila mtu ajue mwenyewe kuupanua au kuupunguza.

WEMBE: Na huyo Butterick alianza na nguo za nani?

PATENI: Za wanaume na watoto wa kiume. Za wanawake zilifuata baadaye.

WEMBE: Nilijua tu.

CHEREHANI: Wembe, usimkate mgeni. Na sisi wenyewe tuna ya kwetu. Mimi mnaniona na kipepeo changu shingoni, nimetoka Shanghai, lakini ukoo wetu umepitia makubwa. Mwaka 1831 kule Paris mafundi walikivamia kiwanda cha Thimonnier wakavunja mashine zake, eti tunawanyang'anya riziki. Miaka 20 baadaye akaja Isaac Singer na hataza yake Marekani, kisha kampuni yake ikaanza kutuuza kwa kulipa kidogo kidogo. Basi akina mama wakapata cherehani na deni siku moja.

MKASI: Bibi, historia tumeipata. Nikate wapi?

KITENGE: Mungu wangu, huyu ameshafungua mdomo!

CHEREHANI: Mkasi, funga. Hapa hatukati mpaka Futi asome taarifa yake.

FUTI: Asante mwenyekiti. Nimempima Bibie jioni, akiwa ameshusha pumzi baada ya kuombwa sana. Kifua inchi 38. Kiuno 33. Hipsi 46.

(Kimya. Pateni alijikunjua taratibu, akajisoma mgongoni.)

PATENI: Kuna tatizo la takwimu. Kwa jedwali langu, kifua cha 38 ni saizi 16. Saizi 16 ina kiuno cha 30 na hipsi 40. Hipsi 46 ni saizi 22. Na hicho kiuno cha 33 hakipo kabisa, kinaelea katikati ya 18 na 20.

WEMBE: Kwa hiyo Bibie ni watu watatu.

PATENI: Sijasema hivyo. Nasema hakukidhi vigezo.

FUTI: Vigezo vya nani? Mimi nimezunguka viuno vya mtaa huu wote, na huyo mwenye 38, 30 na 40 bado sijakutana naye.

PATENI: Ni wastani.

FUTI: Wastani ana mtaa wake? Nimtafute nikampime?

PATENI: Mheshimiwa, mwili wa wastani ni nyenzo ya kupangia. Halafu msichanganye namba zangu na za madukani. Maduka yamekuwa yakishusha namba mwaka hadi mwaka ili mteja atoke anatabasamu. Sisi tumebaki na zetu za zamani. Anayevaa 12 ya dukani akija kwangu huenda akaangukia 16, basi anakasirika, ananirudisha kwenye bahasha, anakwenda kununua gauni lililoshonwa tayari.

WEMBE: Sasa hapo nakuelewa. Duka linadanganya kwa adabu, wewe unasema kweli bila adabu.

KITENGE: Naomba kuuliza. Kwa nini nisipelekwe kwa fundi kama wenzangu?

CHEREHANI: Ndugu yako wa Idi iliyopita yuko wapi?

KITENGE: Kwa fundi.

CHEREHANI: Anasemaje?

KITENGE: Kesho. Amebakiza vifungo.

CHEREHANI: Basi ndiyo sababu uko hapa.

(Niseme jambo kwa niaba ya mafundi, kwa sababu Futi ni mtoto wa kazi na hatalisema kwa ukali unaostahili. Fundi wa barazani hana bahasha. Anampima mteja mara moja, anaandika namba kwenye kipande cha boksi, anakikunja kitambaa mara nne, anachukua kifua anakigawanya kwa nne, anaongeza inchi moja na nusu ya mshono na ya kupumulia, anachora kwa kipande cha sabuni. Kwa kifua cha 38 anapata 11, kwa hipsi 46 anapata 13. Hakuna saizi katika hesabu hiyo, kuna mtu. Ubaya wake ni ile "kesho".)

PATENI: Hiyo njia ya sabuni haina kumbukumbu. Mimi kila kipande changu kina namba, kina alama za pembetatu za kuoanisha mshono na mshono, kina mshale wa kuonyesha uzi wa kitambaa unakwenda wapi. Mshale ukipinda, sketi itakatwa mshazari pasipotakiwa, na baada ya kufuliwa upande mmoja unashuka. Bibie atembee kama ana mguu mfupi. Ndicho mnachotaka?

CHEREHANI: Hapo umesema kweli. Sketi za namna hiyo nimezishona mwenyewe, na lawama nikabeba mimi.

MKASI: Jamani, mstari ni upi? Nikate juu yake au nje yake?

PATENI: Juu yake. Mimi nafasi ya mshono imo ndani, sentimita moja na nusu kila upande. Binamu zangu wa Ujerumani, wale wa gazeti alilolianzisha Aenne Burda pale Offenburg mwaka 1950, hawaweki. Ukiwanakili hao, unaongeza mwenyewe.

MKASI: Na mtu akisahau?

WEMBE: Anapata gauni la binti yake.

KITENGE: Mimi nina swali la upana. Mchoro wenu wa kupanga vipande umeandikwa inchi 60. Mimi ni inchi 45, na wala sijawahi kudanganya mtu.

PATENI: Ukinigeuza upande wa pili upo mchoro wa 45.

KITENGE: Nimeugeuza. Sehemu ya mbele ya sketi imesimama, ya nyuma imelazwa kichwa chini ili kubana nafasi. Ndege wangu je?

PATENI: Ndege gani?

KITENGE: Hawa wekundu! Mbele watakuwa wanaruka kwenda juu, nyuma watakuwa wanaanguka. Bibie akipita harusini, wa mbele watasema ndege, wa nyuma watasema popo.

PATENI: Hapa chini kuna maandishi madogo: kitambaa chenye picha za mwelekeo mmoja kinahitaji yadi zaidi.

KITENGE: Madogo kiasi gani?

PATENI: Madogo ya kutosha.

KITENGE: Haya ndiyo yaliyompata dada yangu Khanga. Wakamtandika chini, wakampanga bila kumsoma, jina lake lote likaangukia makalioni. Mvaaji akienda sokoni watu wanasimama nyuma yake wanasoma, wanacheka, yeye anadhani wamependa gauni.

(Marekani, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekunjwa chini ya pasi, alikohoa.)

MAREKANI: Naweza kusema?

PATENI: Na huyu ni nani? Hayumo kwenye orodha yangu ya mahitaji.

MAREKANI: Sisi ni majirani, mwanangu. Babu zangu walifumwa huko huko Massachusetts. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakituleta Unguja kwa meli. Sayyid Said alitia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833, miaka 30 kabla babu yako hajauza karatasi yake ya kwanza. Tumevaliwa pwani hii na bara yote, tumekuwa fedha njiani, tumekuwa sanda. Sasa hivi mimi ni shuka iliyochoka, sina rangi, sina ndege. Ndiyo maana nasema: nikateni mimi kwanza.

MKASI: Wewe? Kwa kazi gani?

MAREKANI: Ya kukosea. Nishoneni gauni la majaribio, mishono mirefu, bila zipu, bila pindo. Bibie anivae, ajitazame kwenye kioo. Panapobana mtapaona, panapoelea mtapaona. Kisha mrekebishe karatasi, ndipo mmguse huyu wa bei.

FUTI: Naunga mkono hoja. Nimeshapiga hesabu. Toka hipsi 40 kwenda 46 ni inchi 6. Ubavuni kuna kingo nne, mbele mbili na nyuma mbili, kwa hiyo kila ukingo unapanuka inchi moja na nusu. Juu tubaki kwenye mstari wa 16, tukipita kiunoni tuanze kutoka nje polepole, tukifika hipsi tuwe kwenye 22. Mistari yote imo humo humo kwa mgeni, amechapwa nayo.

PATENI: Unataka kutembea kutoka mstari mmoja kwenda mwingine?

FUTI: Kwani imekatazwa?

PATENI: Haijakatazwa. Lakini katika mpango kazi hakuna muda wa majaribio. Bahasha imeandikwa "rahisi", na kuna picha ya saa.

WEMBE: Saa ya nani? Ya yule asiye na tumbo?

CHEREHANI: Mimi naona Marekani ana hoja. Lakini kikao hiki hakina mamlaka, mwenye mamlaka amelala. Kuna mengineyo?

KITENGE: Nilowekwe kwanza. Nisije nikashonwa leo nikarudi ndani wiki ijayo.

CHEREHANI: Hilo liingie kwenye kumbukumbu. Nani anaandika?

(Hakuna aliyekuwa anaandika.)

Asubuhi Bibie aliamka, akanywa chai, akamwaga nyingine kidogo juu ya Pateni, sehemu ya mkono wa kushoto. Akasoma maelezo yote hadi ukurasa wa mwisho, jambo ambalo Pateni alikiri baadaye kuwa halijawahi kumtokea. Kisha akachukua kipande cha sabuni, akamtandika Marekani, akachora kifua kwa 16 akashuka na mstari unaotanuka mpaka 22. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amekaa utoto wake wote chini ya meza ya shangazi yake aliyeshona sare za shule, na mambo mengine huingia kwa kutazama miguu ikikanyaga.

Gauni la majaribio lilivuta tumboni. Bibie akatoa pini, akafungua ubavuni, akaongeza, akavaa tena, akakaa kwenye kiti, akainama kama anayeokota kitu (hili watu wengi hawalifanyi dukani, ndipo mshono unapopasukia kwenye daladala). Kitenge kilikuwa kimelowekwa na kuanikwa. Alikipanga ndege wote wakitazama juu, zikatumika yadi zaidi, mikono ikabidi iwe mifupi. Jumapili jioni gauni lilikuwa limetundikwa kwenye kitasa cha mlango.

PATENI: Naomba iingie kwenye taarifa kwamba pateni imetekelezwa kwa asilimia mia moja.

FUTI: Mia? Umebadilishwa kiuno, hipsi na mikono.

PATENI: Kola ni yangu. Na mabega.

CHEREHANI: Mabega ni yake kweli, mpeni haki yake. Mabega ya fundi wa barazani hayakaagi hivi.

PATENI: Asante, bibi. Na shikamoo.

CHEREHANI: Marahaba. Umejifunza, eti?

KITENGE: Taarifa yenyewe inakwenda kwa nani?

PATENI: Kwa wifi, Uingereza. Amesema apigiwe picha. Mbele tu, inatosha.

MKASI: Kwa nini mbele tu?

(Pateni alijikunja. Wote wakageuka kuutazama mgongo wa gauni. Ndege walikuwa sawasawa, wanaruka kwenda juu mpaka shingoni. Mshono ulikuwa umenyooka. Kichwa cha zipu kilikuwa ndani.)

CHEREHANI: Mimi nashona ninachopewa.

WEMBE: Nipisheni.