Kiingilio cha Kutazama Seng'enge

Sogezeni benchi basi, na wewe wa kahawa mimina. Mnabisha Wazungu wameishiwa mpaka mawe wanayaita sanaa? Mimi nimekwenda. 2025 hiyo, shemeji yangu wa Glasgow kanipakia treni asubuhi mpaka Edinburgh, jioni tukarudi.

Jumba lenyewe Royal Scottish Academy, minguzo hiyo utadhani ikulu. Maonyesho ya Andy Goldsworthy, miaka 50 ya kazi. Nimelipa kiingilio, napanda ngazi. Zulia? Zulia gani! Sufu ya kondoo, na zile alama za rangi wafugaji wanazopaka kila mtu ajue wake.

Kufika juu, seng'enge. Imekula kutu, imezungushwa nguzo hadi nguzo, hupiti. Nikasonya, mlinzi kageuka. Seng'enge huku kwetu inanizuia ufukweni bure kila siku, leo nilipe nizuiwe? Halafu nikajikuta nimesimama. Ya ufukweni tumeizoea, tunazunguka tu. Ile ya ndani ya jumba inakuuliza: nani kafunga, na anamfungia nani?

Na huyu bwana Goldsworthy si wa mjini. Kazi za shamba kaanza ana miaka 13, makazi yake kijiji cha Penpont huko Uskoti. Mvua ikianza kudondoka analala chali. Akiinuka, umbo lake limebaki kavu pale chini. Anapiga picha, mvua inafuta. Cheka, Mangi, cheka. Wewe ukilala mvuani tunajua sababu.

Lakini kilichonifunga mdomo ni chumba cha mawe matupu, yametanda sakafu nzima. Wachimba kaburi mnajua: shimo linatoa mawe, maiti anachukua nafasi, udongo unarudi, mawe yanakosa pa kurudi. Yanatupwa pembeni huko. Kila jiwe pale ni nafasi ya mtu. Kayakusanya kwenye viwanja 108 vya makaburi, Dumfries na Galloway. Shemeji, ambaye hanyamazi hata msibani, alinyamaza.

Nani kasema hata mtoto anaweza? Wewe? Haya, nenda kaombe mawe makaburini, viwanja 108, kila kimoja ukajieleze kwa wenyewe unayataka ya nini. Anza na hapa nyuma ya msikiti, tunakusubiri. Na kahawa yangu unalipa kabla hujaondoka.