Uliuza Nia, Mzee Wangu?

Aliyekuwa Dar es Salaam Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua kina na mgao wa maji ukatangazwa, hahitaji kuelezwa kwa nini mke wangu alikuwa na sharti moja tu tulipoanza kutafuta nyumba ya kununua. Idadi ya vyumba, rangi ya bati, barabara ya vumbi au ya lami, hayo aliniachia. Yeye alitaka kisima. Alikuwa amechoka kuamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba linakoroma.

Dalali tuliyempata hakuwa na neno "hakuna". Ukimuuliza umeme, upo. Shule, zipo. Bahari, unaiona ukipanda juu ya tangi. Alitupeleka Goba, akatuzungusha nyuma ya nyumba hadi kwenye mfuniko mpana wa zege uliopakwa rangi ya kijani.

"Kisima hiki hapa, mama. Mita 80. Maji matamu, hata mtoto mchanga anakunywa."

Akafungua bomba la uani, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vyake vilivyochongoka. Mke wangu akatabasamu. Hapo nikajua bei haishuki tena.

Msidhani tuliridhika na maneno. Mkataba wa mauziano ulitaja vyumba vitatu, uzio, geti na "kisima kirefu cha maji kinachofanya kazi". Muuzaji, mzee mpole wa kuombea watu dua harusini, alitia saini bila mkono kutetemeka. Mke wangu, ambaye bibi yake alikaanga samaki Feri maisha yake yote, akashikilia kwamba fungu la mwisho la malipo libaki kwetu hadi tuishi ndani ya nyumba mwezi mzima. Wakili aliona ni usumbufu. Mimi niliona haya mbele ya mzee wa watu.

Tukahamia. Maji yakatoka vizuri, tukaoga kama matajiri, tukamwagilia hata majani ambayo hayakuwa yetu. Kisha bomba likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. Fundi tuliyemwita akatafuta pampu, asiione. Swichi ya pampu ilikuwepo ukutani, na ukiiwasha inawaka taa nyekundu ya kuvutia, ila waya wake uliingia kwenye plasta ukaishia humo humo. Tukaazima mtaimbo, vijana wanne wakauinua ule mfuniko wa kijani.

Chini yake palikuwa na shimo la kina cha goti, limesakafiwa kwa saruji safi. Katikati limesimamishwa bomba la plastiki kama mshumaa kwenye keki. Pembeni, chura mmoja. Huyo na sisi ndio pekee tulioamini tangazo.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mnatafuta maji? Mimi nilidhani mnajua. Siku mliyokuja kuangalia nyumba, boza lililojaza tangi lenu liliniziba njia asubuhi nzima."

Nikampigia dalali. "Bosi wangu," akasema, bila hata kumeza mate, "kisima kipo. Ni maji tu ndiyo hayajafika." Tangu hapo simu yake ikawa haipatikani.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iko upande wetu kwa namna inayofurahisha. Aliyeingia mkataba kwa kuelezwa uongo anaweza kuuvunja, au akipenda, adai utekelezwe na yeye awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama maelezo yale yangekuwa kweli. Nilikisoma kifungu hicho kwa sauti jikoni, nimezungukwa na madumu matupu. Hali ambayo ningekuwa nayo ni kuoga.

Tukaitana ofisi ya serikali ya mtaa.

"Mwenyekiti, mimi sikudanganya," mzee akaanza. "Kisima nilikianza kwa nia safi. Kilichokauka ni hela."

"Kwa hiyo uliuza nia, mzee wangu?"

Mzee akabadili njia: kwa nini hawa hawakufunua mfuniko siku ya kuangalia? Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana sheria hiyo hiyo haimbebi mtu ambaye kwa uangalifu wa kawaida tu angeugundua ukweli. Mwenyekiti akauliza mfuniko ulikuwa na uzito gani. Mmoja wa wale vijana wanne alikuwa mlangoni, bado anajikanda kiuno. Hoja ikafia hapo.

Baraza la Ardhi na Nyumba lilikuwepo kama tungeshindwana, na nililitaja kwa sauti nzito. Lakini mzee hakuogopa kifungu, aliogopa fungu. Mke wangu alipokumbusha taratibu kwamba hela ya mwisho bado iko kwetu, yule baba akaomba maji ya kunywa, akapewa ya chupa, kisha akakubali. Tukaandikishana: gharama zote za kuchimba zitoke kwenye hela ile, yeye apewe kitakachobaki.

Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kikapatikana, mpima akapita na vyombo vyake, mtambo ukaja ukanguruma na kumrushia jirani tope ukutani. Maji yakatoka. Yana chumvi kiasi. Sabuni inasita kutoa povu na chai ina maoni yake. Mzee alikuja, akakinga kiganja, akaonja, akatangaza kwamba utamu haukuandikwa kwenye mkataba. Ni kweli, haukuandikwa. Baada ya wachimbaji kulipwa, kilichobaki kilimtosha nauli na soda.

Tunaogea, tunafulia, tunadekia. Ya kunywa tunanunua. Mke wangu sasa analala hadi alfajiri.

Na dalali amepatikana. Anauza kiwanja cha nyuma yetu, na juzi nilimsikia akimwambia mteja kwamba maji yapo, huku kidole kimenyooka juu ya ukuta wangu. Kama mteja huyo ni wewe, ndugu msomaji: kisima hicho ni changu, kina chumvi, na hakimo kwenye bei.