Tajiri na Dereva Ndani ya Suruali Moja

Katika biashara ya malori, mwenye gari huitwa tajiri hata kama anadaiwa kodi ya chumba. Dereva humpelekea hesabu, tajiri huguna kwamba haijatimia, dereva huapa kwamba njia ilikuwa ngumu. Nilikaa upande wa kuapa kwa miaka mingi, na bila kujisifu, nilikuwa hodari. Kisha nikanunua Fuso langu, kuukuu, la eksi mbili. Sasa naguna mwenyewe na kuapa mwenyewe, pengine kwa sauti, hadi utingo anauliza naongea na nani.

Mtaji ulikuwa akiba yangu, mkopo wa kikoba cha mke wangu, na fedha za shemeji. Kikoba kinataka rejesho kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, lakini angalau hakina simu. Shemeji anayo. Kila jioni: "Shem, gari halijambo?" Mimi haniulizi. Nilipougua malaria alikuja kunitazama, akakaa kitandani pangu akitaka kujua nani anawasha injini asubuhi.

Dalali aliyeniuzia gari aliapa kwamba injini haijaguswa. Fundi alipoifungua alimuunga mkono: haijaguswa kabisa, na hapo ndipo tatizo lilipo. Fedha za matairi zikaingia kwenye ringi na nozeli, fedha za turubai zikanunua matairi, turubai nikaazima. Bado bima, bado leseni ya LATRA, bado mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuakisi. Pembetatu hizo bado ziko kwenye mfuko wake. Utingo wangu anaamini ni za kumwonyesha trafiki tu. Gari likiharibika yeye huchukua panga, akakata matawi na kuyapanga barabarani kama walivyofanya waliomtangulia.

Mzigo uliopatikana ulikuwa viazi, kutoka Njombe hadi Dar es Salaam, kama kilomita 700. Nauli ya viazi hupangwa kwa gunia. Ukisikia hivyo unaona ni haki, mpaka ufike shambani ukutane na lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha juu yake inasukwa kofia ya kamba, na kofia nayo inajazwa mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Nikamwambia mwenye mzigo kwamba haya yamezidi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Kaka, gunia ni gunia." Wapakiaji wakacheka. Yeye anamlipa mwenye gari kwa kuhesabu vichwa, na gari linabeba kilo.

Mizani haihesabu vichwa. Lori la eksi mbili kama langu linaruhusiwa tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe: 8 mbele, 10 nyuma. Kwenye mizani moja ya njiani jumla yetu ilipita kwa kubana pumzi, ila eksi ya nyuma ilikuwa imezidi. Dawa yake ni kusogeza mzigo mbele. Basi jua la saa saba, utingo na mimi tukawa tunakumbatia magunia yasiyo na mahali pa kushika, tukiyaburuta kuelekea kabini. Zamani, kazi kama hii nilikuwa nampigia tajiri, anatuma hela ya vibarua. Nilipojaribu safari hii, tajiri alinijibu kwamba mgongo ninao.

Tulipoanza kuteremka Kitonga, tajiri huyo huyo akaninong'oneza niweke fri: mteremko wote huu, mafuta ya nini? Dereva akamkumbusha kwamba leo na yeye yumo kabini. Tukashuka na gia ya pili, huku mabasi yakitupigia honi.

Ugomvi mkubwa ulihusu abiria. Madereva wengi hupakia mtu mmoja mbele, na nauli yake tajiri haioni. Mama mmoja mwenye kuku alipanda Makambako akashukia Iringa, akalipa taslimu. Usiku nilipopiga hesabu, ile hela haikuwapo. Tajiri akauliza. Dereva alikuwa ameila chipsi mayai, na mishkaki miwili juu, kwa mazoea.

Mikumi tulipita taratibu, kilomita 50 kwa saa, macho pembeni. Hifadhini kuna faini ya kugonga mnyama, kila mnyama na bei yake, na kwa dola. Nilimwomba Mungu kwamba kama lazima, basi awe mdogo.

Dar es Salaam ilikuwa imejaa viazi. Mwenye mzigo alikuwa amenilipa nusu ya nauli, nusu nyingine "tukishauza", na bei ilikuwa imelala chali. Gari lililosimama haliingizi kitu, na ushuru wa maegesho haulali. Basi nikapanda juu ya bodi nikaanza kunadi. Mteja mmoja alilalamika kwamba viazi vyangu vina macho mengi. Nikamwambia vimetoka mbali, vilikuwa vinaangalia njia.

Mwishowe mwenye mzigo akanipa magunia manne badala ya fedha zilizobaki. Nikayapeleka kwa shemeji yawe rejesho. Akayapokea bila neno. Kisha akalizunguka gari polepole, mikono nyuma, akaligonga tairi moja kwa kiatu, akaniita.

"Shem, hili mbona halifanani na wenzake?"