Heko kwa Katapila Lisilovuta

Maradhi ya mashine ni mengi, na mengine hayana adabu hata kidogo. Paipu ya haidroliki hupasuka ghafla ikamwogesha dereva oili ya moto. Mkanda huchomoka mchana kweupe, mbele ya tajiri na wageni wake. Kukosa nguvu, kwa upande wake, ni ugonjwa mstaarabu. Hauvunji kitu wala haupigi kelele. Katapila dogo la kupakia, lile lenye ndoo mbele na mikanda ya mpira badala ya magurudumu, msimu mmoja linasawazisha kichuguu kwa mkupuo. Msimu unaofuata linakichokoa kama mgonjwa anayebembelezwa anywe uji. Kwa muda wote huo hakuna anayeshtuka. Dereva analaumu udongo, tajiri analaumu dereva, na fundi, hata hajafungua boneti, amekwisha kutamka neno lake moja: pampu.

Mkoa wa Katavi umempokea mheshimiwa huyu, Kukosa Nguvu, kwa heshima zote. Mji wa Mpanda uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo, kwa hiyo, hufika ikiwa imekwisha kukatwa sehemu ya mshahara wake. Kisha kuna kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, na vumbi lake. Tangu mkoa ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 kumekuwa na kazi ya kuchimba, kusawazisha na kujenga, na mashine nyingi zinazoifanya zilikwisha kula ujana wao kwingine.

Ukoo wa ugonjwa huu ni mkubwa, na historia yake imepita jirani kabisa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, ikilenga ekari zaidi ya milioni 3. Mashamba yalikuwa Kongwa, Nachingwea na Urambo, na Urambo iko kwenye reli ileile ambayo hapo Kaliua huchepusha tawi la Mpanda. Mashine zilitoka kwenye masalia ya Vita Kuu ya Pili: buldoza zilizotumika huko Ufilipino, na vifaru vya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers iligeuza kuwa matrekta. Visiki, vumbi na uhaba wa spea vikazilaza moja baada ya nyingine. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36, ukiwa umepata kila kitu isipokuwa karanga za kutosha. Mabwana wale walikuwa na fedha na wahandisi, na bado mheshimiwa aliwashinda. Mwenye katapila moja la mkopo asione haya.

Lakini utukufu wa kweli wa ugonjwa huu ni kwamba hujieleza wenyewe. Katapila la aina hii halina giaboksi kama ya lori. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma oili, na oili huzungusha mota za mikanda. Fundi makini huchomeka ndoo kwenye lundo la kifusi, akasukuma na kutega sikio. Sauti ya injini ikizama hadi kutaka kuzima, mgonjwa ni injini. Injini ikiendelea kunguruma vilevile huku mikanda imesimama, basi injini haina hatia. Haidroliki ndiyo iliyochoka. Upande mmoja ukivuta na mwenzake ukisinzia, mashine ikawa inakwenda upande, mtafute mgonjwa kwenye upande unaosinzia: mota imelika, breki inashika, au mkanda umekazwa kupita kiasi.

Kuna pia lile linalofanya kazi asubuhi kama jipya, likafika saa sita likalegea. Hapo oili imepata moto ikawa nyepesi, na pampu iliyolika inaiachia ipenye humohumo ndani badala ya kuisukuma.

Injini yenyewe, ikiwa ndiyo mgonjwa, hutoa taarifa kwa moshi. Moshi mweusi unasema dizeli ni nyingi kuliko hewa: filta ya hewa imejaa vumbi, au bomba la turbo linavuja. Wa bluu unasema oili inaungua, ringi zimechoka. Mweupe ambao haukomi hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji. Na pasipokuwa na moshi wala nguvu, injini ina njaa tu. Filta ya dizeli imeziba, au takataka zimekaa kwenye mdomo wa bomba ndani ya tangi, au tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi limezibwa na matope. Hili la mwisho ni tamu kuliko yote. Mashine inawaka vizuri, inazima baada ya muda, inapumzishwa, inawaka tena. Mwenye nayo anaanza kutaja majina ya majirani wenye husuda. Kumbe ukilegeza kifuniko hewa inaingia kwa mlio, na mchawi ameondoka.

Dizeli nayo ina sura yake. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa uliwahi kuenea nchini hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ife. Mafuta ya taa hayailainishi pampu inavyostahili, na lita yake ina nguvu pungufu. Wanaochota kwenye madumu yasiyojulikana yalikotoka wanaendelea kumtumikia mheshimiwa kwa uaminifu.

Na yeye hulisha wengi. Kabla filta haijafutwa, pampu imekwisha kuagizwa Dar es Salaam. Muuza spea anapata, basi linapata, mama lishe wa jirani na gereji anapata, na vijana wa machepe waliokuwa wameanza kukosa vibarua wanaitwa tena. Ni ugonjwa unaomhurumia maskini, maana sababu zake za mwanzo ni za bei ya chini: filta, kifuniko, kebo ya mafuta isiyofika mwisho, rejeta iliyozibwa na majani. Ila maskini mwenyewe haitaki huruma hiyo. Anataka pampu mpya.

Wauzaji wa makatapila makuukuu ndio wanaomjua mheshimiwa vizuri zaidi. Wengine huwasha mashine mapema ili mnunuzi asione inavyosumbua kuwaka, kisha humpa dakika chache za kuichezea kabla oili haijachemka. Kwa hiyo anayekwenda kununua, Mpanda au kwingineko, aguse kwanza injini ahakikishe ni baridi, aiwashe mwenyewe, aifanyishe kazi ya kusukuma kifusi hadi jua la saa saba, ndipo aulize bei.