Pete na Ngozi Yake

Lori la shaba halivuki Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, bila karatasi kutaja madini, uzito na kiwango. Pete ya dhahabu nyeupe inauzwa kwa maneno mawili: "Orijino, mama." Siku zinapita, upande wa kiganjani unageuka manjano. Ukirudi, muuzaji anakuuliza unafulia sabuni gani. Kwamba weupe ule ni ngozi nyembamba ya rodiamu inayolika kwa kuvaliwa, hata kwenye karati 18 halali, alisahau kutaja. Sheria ya mikataba ya Kongo ya 1888, enzi za Mfalme Leopold II, inambebesha muuzaji kasoro zilizofichika. Rodiamu kulika si kasoro, atasema. Kilichofichika ni habari yake. Kupakwa upya? Inawezekana kabisa, mama. Kwa dola zako.