Begi la Lita 90 na Mbuzi wa Kiamaiko

Mtaani kwetu Umoja, hapa Nairobi, mtu ambaye hajawahi kupanda juu kupita kamba za nguo za orofa ya sita ndiye mwenye ushauri mwingi kuhusu Mlima Kenya. Tangu chama chetu kitangaze kwamba Januari tunapanda hadi kilele cha Lenana, kila ninayepishana naye kwenye ngazi ana neno kuhusu begi. Kinyozi anasema nichukue kubwa kabisa. Mama mboga anasema nitafute lenye magurudumu. Keateka wa ploti, ambaye silaha yake kuu ni kukata stima, anasema jeshini watu hubeba hata friji. Jeshini hajawahi kuwa. Alipeleka barua ya kuomba kazi, basi.

Sijui ni nani aliyeileta homa hii ya milima. Chama chetu kilianza jinsi vyama vya watu huanza: kusaidiana mazishi, kuchangiana karo, na Desemba mbuzi. Siku hizi Jumamosi ukimtafuta mtu pale alipokuwa akipatikana, unaambiwa yuko Longonot, mita 2,776, anapigwa picha ameshika kiuno. Wakatoka Longonot wakaenda Elephant Hill huko Aberdare, wakarudi na matope hadi masikioni, na badala ya kupata akili wakapata hamu. Mwenyekiti akasema hayo yote yalikuwa mazoezi tu. Sasa ni njia ya Sirimon: usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300, kisha Shipton's, mita 4,200, halafu usiku wa manane, wakati watu wa maana wamelala, mnaanza kupanda gizani ili jua liwakute Lenana, mita 4,985.

Pigeni hesabu nami. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Nairobi iko karibu mita 1,700. Maana yake ni kwamba Lenana inaishinda Umoja kwa baridi ya nyuzi kama 20, na mimi ni mtu ambaye Julai huvaa soksi mbili kwenda dukani kununua maziwa. Baridi ndiyo inayokuza begi. Chakula cha siku nne hakichukui nafasi kubwa. Jaketi nene, begi la kulalia, sweta, suruali ya pili na soksi za akiba ndivyo vinavyoleta shida, kwa sababu ukivikunja vinakutazama, ukigeuka vinafura tena. Begi la mtoto wa shule ni lita 20 na kitu. La mlima, na hema likiwa ndani, anza kuhesabu 65 hadi 75.

Jambo ambalo hakuna mshauri wa ngazini aliyelitaja ni kiuno. Begi kubwa halibebwi na mabega. Linabebwa na mifupa ya nyonga, na mabega kazi yake ni kulizuia lisikuangushe kwa nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lita unapima mgongo: unainamisha kichwa, unatafuta ule mfupa unaochomoza chini ya shingo, unapima kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Mama watoto alinipima kwa futi ya kupimia mapazia. Akaandika sentimita 46, akanitazama kwa huruma.

"Baba watoto, kumbe urefu wako wote ni miguu."

Nikaenda Gikomba, soko la mitumba. Duka la vifaa vya milima nilikuwa nimelipitia mjini, nikasoma kikaratasi cha bei na kukirudisha mahali pake polepole, mlinzi akinitazama. Gikomba unaenda alfajiri, belo zinapofunguliwa, kabla wanaotafuta kamera, yaani mitumba bora, hawajachagua za kwanza na kuwaachia ninyi wengine makapi. Ukifika saa nne unakuta zimebaki fagia, yaani mabaki, na begi la fagia hata likiwa la bure lina jambo linalolificha.

Muuzaji hakunisubiri niseme. Alinitazama tumbo, akaingia chini ya meza, akatoka na kitu kikubwa chenye rangi za majani makavu.

"Mkubwa, hii ni ya komando. Lita tisini. Ukivaa hii hata mvua inakuogopa."

Nikaligeuza. Nikasoma kibandiko. Halikuwa la komando hata kidogo. Lilikuwa begi la mwindaji wa Marekani, mtu wa kule milimani anayeingia msituni wiki nzima, theluji ikianguka, akimfuata kulungu mmoja mkubwa anayeitwa elk. Lina mfuko mrefu ubavuni wa kubebea bunduki. Lina kifuniko cha mvua cha rangi ya chungwa, kwa sababu huko majimbo mengi humlazimisha mwindaji kuvaa chungwa asije akapigwa risasi na mwindaji mwenzake. Kitambaa chake ni laini kwa makusudi ili kisipige kelele kikiguswa na vichaka. Na ukifungua mikanda ya nyuma, begi linaachana na fremu, katikati panabaki rafu tupu. Rafu hiyo ndiyo maana ya begi zima. Ni ya nyama. Dume mmoja wa elk anaweza kutoa zaidi ya kilo 80 za nyama isiyo na mfupa, na gari limeachwa mbali, kwa hiyo mwindaji anafunga vipande hapo, anashuka, anarudi kuchukua vingine.

Sasa niambieni begi hilo lilikuwa likitafuta nini Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku hapa mwaka wa 1977. Ukikutwa na kipande cha nyama ya swala kwenye mfuko utakwenda kujieleza mahakamani. Labda lingeshuka Tanzania, ambako vibali bado hutolewa, lingepata kazi ya kisomo chake. Hapa Eastlands mawindo yetu yako kwenye masoko ya nyama ya Burma na Kiamaiko, nayo huwa yamekwisha kuchunwa ukifika.

Ndani ya mfuko mdogo nikakuta kijikaratasi kigumu cha kibali, kile ambacho mwindaji hukifunga kwenye mnyama akishamwangusha. Hakikuwa kimejazwa. Mwenyewe alibeba lita 90 msimu mzima na akarudi nyumbani mikono mitupu, ndipo akaona afadhali begi liende Afrika.

Bei ilianza 6,500. Sikubishana mara moja. Kwanza nikalijaza mabuti ya muuzaji wa jirani, jozi nyingi, nikalivaa: kiuno nikakaza kwanza, mabega baadaye, mkanda wa kifua mwisho. Nikavuta kila klipu. Nikaingiza mkono ndani kupapasa utando unaozuia maji, maana begi likizeeka utando huo hunata vidoleni na kuambuka, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Nikazunguka meza. Watu wakaanza kukusanyika. Mmoja akauliza kama kuna vita. Fremu ilikaa kwenye mgongo wangu mfupi barabara kabisa, na mzigo ukateremka kutoka mabegani hadi nyongani bila mimi kuuambia. Hapo nilijua ninalichukua, na muuzaji naye alijua kwamba nimejua, ndiyo sababu hakushuka chini ya 2,800.

Rangi ilinitia wasiwasi. Hapa kwetu mtu akivaa rangi za jeshi barabarani hualika maswali, na mimi sina majibu mazuri saa moja asubuhi. Nikalivika kile kifuniko cha chungwa. Nikawa naonekana kutoka Muthurwa.

Kwenye matatu makanga aliniambia begi litalipa. Nikamuuliza litalipa kama nani. Akasema limekaa kiti, na aliyekaa kiti ni abiria. Nikalipakata. Akasema sasa nimeziba njia, nilipe kwa kuziba njia. Nililipa viti viwili, na kiti cha pili akakikalia mwanamke mmoja aliyepandia City Stadium, akalipa naye, akaniwekea mtoto juu ya begi.

Ploti nilikuta keateka mlangoni. Ilikuwa tarehe tatu, kodi bado. Mtu anayeingia na begi la lita 90 tarehe tatu, machoni pa keateka, ni mtu anayetaka kuhama usiku na godoro ndani. Nikamweleza habari za Lenana. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kukaa karibu na geti na kiti chake, na blanketi.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu walilipenda. Mama watoto alilinusa, akasema linanuka mnyama, akaliloweka na kulianika juu ya paa siku mbili. Lakini lilipokauka alikuwa tayari amelipangia kazi. Viazi vya kutoka kwao. Mablanketi ya wageni. Mahindi ya mama mkwe, debe zima. Jirani wa kushoto akauliza kama naweza kumbebea kitu kidogo hadi Nanyuki, "kwa sababu nafasi unayo." Watu hawaulizi mgongo unao kiasi gani. Wanatazama begi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wahenga hao hata WhatsApp hawakuwa nayo.

Maana WhatsApp ndiko nilikomalizwa. Mtoto wangu alipiga picha ya begi likiwa kwenye kamba, ikafika kwenye kundi la chama. Mwenyekiti akaikuza akaiona ile rafu. Akaandika: "Hiyo sehemu ya mbuzi ni nzuri sana."

Mbuzi yupi? Mbuzi wa chama. Imeamuliwa kwamba tunapita Kiamaiko alfajiri, tunachukua dume mzima aliyechinjwa na kukatwa, na usiku wa Shipton's tunampika mchuzi. Nikawaandikia ukweli wa kisayansi: katika mita 4,200 maji huchemka yakiwa nyuzi 86 hivi, si 100, kwa hiyo dume wa Kiamaiko, ambaye hata hapa Umoja hulainika kwa kuombewa, huko juu ataiva Pasaka. Mhazini akajibu kwamba tutakuwa na muda. Nikawakumbusha kwamba tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga za taifa, kwa hiyo zile chupa na sahani walizozoea waziache. Wakafurahi. Wakasema basi tubebe sahani za bati, na kwa kuwa mimi nina nafasi, nizibebe mimi.

Mwenyekiti, akiona ninanung'unika, akanitumia historia. Akasema mwaka wa 1943 mateka watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Waingereza pale Nanyuki si kwa kutafuta uhuru bali kwa kutaka kupanda Mlima Kenya. Walitengeneza vyuma vya kukanyagia barafu kwa mabati ya kuokota na kamba kwa nyuzi za vitanda vyao. Wawili kati yao, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, wakafika Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe, wakahukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke. Akasema pia kwamba Kisoi Munyao alipandisha bendera ya taifa mlimani Desemba 1963. "Hao hawakuuliza lita," akamalizia.

Ni kweli hawakuuliza. Munyao alibeba bendera. Waitaliano walibeba njaa yao wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyebebeshwa sufuria ya chama, spika ya mhazini na mbavu za dume.

Nikapendekeza tukodi wapagazi. Wapo Naro Moru, wapo Chogoria, kazi wanaijua na mlima wanaujua, na ni riziki yao halali. Mwenyekiti akasema huko ni kuharibu pesa, sisi ni watoto wa Eastlands, tumebeba maji ngazi sita miaka yote. Yeye atabeba fimbo. Mhazini atabeba kibegi cha kiunoni, "cha stakabadhi." Nikapiga hesabu ya kwangu kwa mizani ya mama mboga: nyama kilo 11, sufuria, sahani, spika, hema la watu watatu ambao si mimi, na begi lenyewe ambalo likiwa tupu ni kilo tatu. Kabla sijaweka hata soksi nilikuwa nimepita kilo 26. Mtu wa uzito wangu inashauriwa abebe 14 hivi. Kilimanjaro kuna kanuni kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20, na yule analipwa. Mimi nimelipa michango tangu Machi.

Basi juzi nimerudi Gikomba, safari hii upande wa mafundi, wale wanaopunguza suruali za Wazungu zitoshe miguu ya Waafrika. Nikamwekea fundi begi juu ya cherehani, nikamwambia alipunguze. Akalizungusha.

"Lina shida gani?"

"Ni kubwa."

"Mzee, watu huleta madogo yaongezwe."

"Mimi nipunguzie. Toa lita thelathini. Na hiyo rafu ishone, izibe kabisa, pasipite hata kidole."

Akaniambia kupunguza ni kazi kuliko kushona jipya, nimpe 900. Tukaachana 600, na kitambaa kitakachobaki awe nacho. Akauliza ule mfuko wa bunduki auache ama autoe. Nikamwambia auache, mwavuli wangu utakaa vizuri mle. Nikalipiga picha begi lilipokwisha, jembamba, la adabu, lita 60 zisizo na mahali pa kuficha hata paja la kuku, nikaituma kwenye kundi bila maneno.

Mwenyekiti amejibu leo asubuhi. Anasema uamuzi wangu umeheshimiwa na kamati, mbuzi ataingia kwa mafungu kwenye mabegi ya wengine, na kwa kuwa begi langu sasa limejaa, sufuria nitaibeba mkononi.