Inajifunza, Shem

Jana jioni shemeji yangu alituma fomu ya mkopo wa chuo ya binti yake kwa simu yenye kioo kilichopasuka, ameegemea meza yenye kompyuta yangu ya feni nne na taa za rangi zote. Kompyuta ilikuwa imezimika tulipofika kwenye kitufe cha kutuma. Ikawaka, ikazima. Ikawaka tena, kioo cheusi, feni zinavuma.

"Shem, imekuwaje?"

"Inajifunza."

"Inajifunza nini?"

"Memori."

Akaitazama kidogo. "Kwani siku zote hizi ilikuwa haijui?"

Nilimjibu ukweli mtupu. Mazabodi ikiwashwa na mipangilio mipya huipima memori kwanza, ishara zinafika lini na zimenyooka kiasi gani; ikishindwa hujizima na kuanza upya. Ni mafunzo kabisa. Ila mtu ambaye dirisha la maombi linamfungia saa sita usiku hana hamu na mafunzo ya mtu mwingine. Akatoa simu, na kabla mashine haijahitimu alikuwa anamwuliza dada yake kama chai imebaki.

Hakuningoja nifike penye utamu, basi nakueleza wewe. Ndani ya memori kila biti ni chaji kidogo ya umeme kwenye kapasita ndogo mno, na transista moja ya kuilinda. Mpango huo aliubuni Robert Dennard wa IBM, akapewa hataza mwaka 1968, na hadi leo hatujatoka hapo. Kapasita hizo ni ndoo zinazovuja. Zisipojazwa, data imekwenda. Kwa hiyo hata ukiiacha kompyuta ukaenda kuswali, yenyewe inazipitia ndoo zote na kuzijaza upya ndani ya kila milisekunde 64. Na kusoma kwenyewe ni kumwaga: ukitaka kujua ndoo ina nini unaimimina, halafu unairudishia ulichokikuta. Tena huruhusiwi kuchungulia moja. Unafungua mstari mzima, unasubiri, unachagua unachotaka, unasubiri, unafunga, unasubiri, ndipo ufungue mwingine.

Subira hizo ndizo taimingi. Zangu ni 18-22-22-42, na namba ya kwanza ndiyo muda wa kungoja data baada ya kuiomba. Lakini si sekunde zinazohesabiwa, ni mapigo ya saa ya memori. Memori ya 3600 saa yake hupiga mara milioni 1,800 kwa sekunde, kila pigo likipitisha data mara mbili. Mapigo 18 ni nanosekunde 10. Sasa chukua ya 3200 yenye taimingi ya 16: saa inapiga mara milioni 1,600, mapigo 16, nanosekunde 10 zile zile! Nilipoligundua hili usiku wa manane nilimwamsha mke wangu. Aliuliza kama ni wezi.

Basi ukiongeza kasi unalegeza subira, ukibana subira kasi inagoma. Mimi nilitaka vyote, 3600 na 16, yaani nanosekunde 8.9, na papo hapo prosesa nikaipa kizidishi cha 42 ili viini vyake vyote viende gigahezi 4.2. Kila jambo peke yake lilikubali hadi asubuhi. Yakikutana yanagombana, maana msimamizi wa memori anakaa ndani ya kasha la prosesa, wanagawana joto, na mashine ikizimika haikuambii nani kashindwa. Wenye prosesa za Ryzen za mfululizo wa 3000 wana adha ya ziada: njia ya ndani ya prosesa huenda sambamba na memori hadi karibu 3600, ukivuka sana zinaachana, na memori ya kasi zaidi inaanza kuchelewa zaidi. Vijana wa 1998 walikula raha. Prosesa ya Celeron 300A ya Intel, unapandisha njia yake ya data kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi zikafika megahezi 450, watu wakalala.

Majaribio yangu yamewafikia na wengine: mwezi uliopita hesabu za kikoba cha mke wangu zilifunguka zikiwa alama tupu. Betri ya mazabodi, ile unayoing'oa ili mipangilio ifutike, iliangukia kwenye maharage. Skrubu moja haijaonekana.

Shemeji ameshaanza kusimulia ukoo mzima kwamba nachokonoa kitu kizima. Hasemi kwamba kwenye boksi la memori kumeandikwa 3600, na ndiyo niliyoilipia. Nilipoichomeka iliwaka kwa 2666. Ili uipate hiyo 3600 uingie BIOS, uwashe profaili ya kasi hiyo, volti za memori zipande kutoka 1.2 hadi 1.35, kisha soma karatasi ya dhamana ya prosesa, utakuta umevuka kiwango na dhamana haikuhusu. Aliyeniuzia, nilipomrudia, alinishauri nitafute fundi. Kwa pesa yangu. Mtu anauziwa kasi, akiitumia anaambiwa kajitakia, na shemeji zake wanacheka.

Ndugu wenye viwanda, kwenye boksi andikeni kwa herufi kubwa kasi ambayo dhamana yenu inaikubali. Hiyo nyingine iwekeni chini, kwa herufi ndogo, mahali mnapoweka masharti.